Dagaa Wamepewa Likizo, Wewe Je?

Tarehe 15 Mei 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa. Miezi mitatu, hadi 15 Agosti, hakuna wavu ulioruhusiwa kugusa maji. Ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani, ziwa la nchi nne, likaambiwa litulie. Dagaa wazaliane. Migebuka wakue. Watu walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika, maana tumbo halifungwi kwa tangazo. Lakini kila mvuvi wa Kibirizi, hapa kwetu Kigoma, anajua moyoni kwamba kinachovuliwa bila kupumzishwa huisha.

Dagaa wakapata likizo.

Wewe yako lini?

Nakuuliza wewe unayeamka saa kumi alfajiri kuwahi mitumbwi. Wewe unayeinama juu ya mchanga tangu jua linachomoza, unatandaza dagaa kwa viganja, unawageuza, unafukuza kunguru, unainama tena, magamba yamekukaukia mpaka viwikoni. Wewe unayeshusha madumu ya mawese kutoka botini, dumu bega la kulia, dumu bega la kushoto. Wewe muuguzi wa zamu ya usiku. Wewe mwalimu mwenye madaftari ya madarasa mawili. Ni lini mara ya mwisho mtu aliugusa mwili wako kwa nia ya kuutengeneza na siyo kuuongezea mzigo?

Hukumbuki.

Mgongo unauma, unameza diklofenaki. Shingo imekaza, unapaka dawa ya kuchua kwa mkono wako mwenyewe, pale mkono unapofika. Pale usipofika, panaendelea kuuma. Halafu unajisifu mbele za watu: mimi sichoki. Unachoka sana! Umechoka tangu mwaka juzi, ila hakuna aliyekuambia, na wewe umeogopa kujiambia.

Mtumbwi wako unautendea vizuri zaidi. Ukianza kuvuja unaupandisha nchi kavu, unaulaza ubavu, unaziba nyufa, unaupa siku zake za kukauka hata kama wateja wanapiga simu. Kwa nini? Kwa sababu ukizama, unazama nao. Lakini mwili huu, ulio nao mmoja tu, usiouzwa sokoni Mwanga wala Kariakoo, unauendesha huku unavuja.

Sasa nina neno litakalokuchekesha.

Nataka uende hamamu.

Ndiyo, hamamu. Nyumba ya kuogea ya Kituruki. Mvuke, jiwe la moto, mtu wa kukusugua, mtu wa kukukanda. Nataka uende likizo, ulipe hela yako halali, ulale chali kama mtu mwenye thamani, uogeshwe.

Umecheka? Cheka umalize. Nakusubiri.

Na ninajua utakachosema ukimaliza kucheka. "Hayo mambo ya Wazungu." Hapo ndipo hasira zinaponipanda.

Mambo ya Wazungu? Mjini Unguja kuna mtaa mzima unaitwa Hamamni. Ulipata jina hilo kwa sababu ya nyumba ya kuogea aliyoijenga Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Hakuijenga awe anaoga peke yake. Ilikuwa ya umma. Fundi aliyeichora alikuwa Haji Gulamhussein, na mtindo wake ni wa Kiajemi, ndugu wa karibu kabisa wa hamamu za Waturuki. Mtu wa mjini alilipa, akavua, akaingia chumba cha moto, akatoka kwenye maji baridi, akanyolewa, akaenda zake. Kazi iliendelea hadi karibu mwaka 1920. Na Barghash hakuwa wa kwanza. Baba yake, Sayyid Said, alikuwa amekwishajenga hamamu nyingine huko Kidichi mwaka 1850, katikati ya mashamba ya karafuu, kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Shah Fath Ali. Nenda leo ukaone: kuta zina nakshi za plasta mpaka sasa, ingawa unyevu umezichafua.

Kwa hiyo Waswahili walikuwa wanakwenda hamamu kabla reli ya kati haijafika Kigoma, kabla meli ya Liemba haijashushwa ziwani mwaka 1915. Na wewe wa leo, mwenye hela ndani ya simu, unaniambia ni mambo ya Wazungu?

Kuna jingine, na hili ulisikie vizuri kwa sababu linakuhusu wewe kuliko mtu wa Unguja.

Fedha zilizolifanya jiji lile liwe na majumba na mabafu ya marumaru zilitoka wapi? Zilitoka kwenye karafuu, pembe za ndovu na watu waliouzwa. Pembe zilipita hapa. Ujiji ilikuwa kituo kikubwa cha misafara, nawe unafika Ujiji kwa nauli ya bodaboda. Pembe ziliondoka pale mabegani mwa watu, kwa miguu, zaidi ya kilomita elfu moja hadi Bagamoyo, kisha zikavushwa kwa jahazi. Jasho lilikuwa la mpagazi. Maji moto yalikuwa ya bwana. Wapo waliokata njia yote ile na hawakuona hata mlango wa hamamu, na wapo ambao hata bahari hawakuiona.

Leo hakuna msafara. Hakuna mnyapara. Hakuna mnyororo. Unapojiambia kwamba kukandwa na kuogeshwa si kwa watu wa aina yako, nani aliyekufundisha hayo maneno? Nani alikuwa anafaidika ulipoyaamini?

Yatupe ziwani.

Sasa nikupeleke ndani, maana huwezi kutamani usichokijua.

Wafanyabiashara wetu wanakwenda Istanbul mwaka mzima. Wanashukia Laleli, mtaa wa nguo za jumla, wanakimbizana na maduka, wanafunga mabelo, wanarudi Kariakoo macho mekundu. Vituo viwili tu vya tramu kutoka Laleli iko hamamu ya Çemberlitaş. Iliagizwa na Nurbanu Sultan, mama yake Sultani Murad wa Tatu, ikachorwa na Mimar Sinan, mjenzi mkuu wa enzi zile, ikakamilika mwaka 1584. Bado inawasha moto mpaka leo! Zaidi ya miaka mia nne watu wanaoga palepale, na mtu wetu anapita na mzigo kichwani akiwahi ndege.

Unaingia, wanaume upande wao, wanawake upande wao. Unavua, unajifunga kitambaa chepesi cha mistari, kinaitwa peştemal, mtu wa pwani angekiona angesema kikoi. Unavaa kandambili. Unasukuma mlango mzito, joto linakupokea usoni, nyuzi arobaini na kitu, hewa nzito mpaka unahisi unaivuta kwa kinywa. Juu yako kuna kuba lenye matundu madogo ya vioo, mwanga unashuka kwa mistari ndani ya mvuke. Katikati kuna jukwaa pana la marumaru linalopashwa moto kutoka chini. Unalala juu yake. Hakuna anayekusemesha. Kwanza mwili unakataa, unatafuta simu, unajiuliza nani atakuwa amepiga. Halafu jasho linaanza mgongoni, linashuka mbavuni, na mabega ambayo hukujua kwamba umeyakunja yanaanza kushuka yenyewe.

Kisha anakuja mtu. Amevaa mkononi glovu ya kukwaruza, kese. Anakumwagia maji kwa bakuli la chuma, anaanza: nyayo, mashavu ya miguu, mapaja, mgongo, nyuma ya masikio. Na nongo inatoka. Wewe unayeoga asubuhi na jioni, wewe msafi, unaona vipande vya kijivu vinajiviringisha juu ya ngozi yako na unatamani kuingia chini ya jiwe. Yeye haoni aibu. Anakuonyesha, tena kwa fahari ya fundi. Halafu anachukua mfuko wa kitambaa, anauchovya kwenye maji ya sabuni, anaujaza hewa, anaukamua juu yako, povu linakufunika kuanzia shingoni mpaka vidole vya miguu. Chini ya povu hilo ndipo anapokanda. Bega. Uti wa mgongo. Kiuno. Pale pale ambapo mkono wako na dawa yako ya kuchua havijawahi kufika.

Maji ya vuguvugu. Maji ya baridi. Taulo. Glasi ndogo ya chai.

Hakuna uganga hapo. Joto hutanua mishipa ya damu, misuli iliyokaza hulegea, kichwa kinapata saa nzima bila kudaiwa kitu. Na si dawa ya kila ugonjwa: mwenye presha, mwenye shida ya moyo na mjamzito wamuulize daktari kabla ya kuingia kwenye joto la namna hiyo, na kila anayeingia anywe maji. Onyo limekwisha, tuendelee.

"Istanbul ni mbali."

Mbali kwa nani? Lakini haya, nakukubalia. Iache Istanbul.

Unguja je? Panda treni Kigoma. Reli ilifika hapa mwaka 1914, na kila wiki unaisikia honi yake. Ni nani aliyekuambia ni ya magunia na wanafunzi peke yao? Ukifika Dodoma, sasa kuna treni ya umeme inayokufikisha Dar es Salaam kwa saa zisizozidi nne. Boti kwenda Unguja ni saa mbili hivi. Ukifika, kaitazame Hamamni, ambayo maji yake yalikauka zamani, kisha utafute akina mama wanaosugua kwa singo. Asumini, langilangi, mawaridi, rehani, liwa, vinapondwa pamoja, na bibi harusi anasuguliwa mpaka anang'aa. Leo singo hiyo hiyo inauzwa kwa wageni kwenye mahoteli. Lipa. Lala. Nusa.

Au nenda Rwanda, ufukwe wa Ziwa Kivu, Nyamyumba karibu na Rubavu. Maji yanatoka ardhini yakiwa ya moto, watu wamekaa ndani, na vijana wa palepale wanakukanda kwa malipo. Hakuna marumaru pale. Hakuna kuba. Kuna maji ya Mungu na mikono ya vijana walioona fursa wakati wengine wameona matope.

Na muda? Usinidanganye kuhusu muda. Kama umeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 28 mfululizo za likizo yenye malipo kila mwaka. Siku 28! Umezifanyia nini mwaka jana? Ulizitumia kumalizia nyumba, kusuluhisha ugomvi wa shamba, kuhudhuria harusi tatu na msiba mmoja, ukarudi ofisini umechoka kuliko ulivyoondoka. Na kama umejiajiri, wewe ndiye bosi wako. Bosi gani huyo asiyempa mfanyakazi wake hata siku tatu? Angekuwa mtu mwingine ungemshtaki.

Ngoja nikuguse penyewe. Tatizo lako si hela, kwa sababu hela ya ukumbi na sare za kamati unaitafuta na unaipata. Tatizo lako si muda. Tatizo lako ni kwamba huamini. Huamini kwamba wewe ni mtu wa kutunzwa. Umezoea kuwa mkono unaotumikia, hata ukiletewa kiti unakaa pembeni.

Kaa katikati!

Lakini sikukupeleka huko kote ili urudi na picha. Mtu akienda hamamu akarudi na picha tu amepata nusu ya alichokilipia. Nataka ulale pale kwenye jiwe huku jicho moja limefumba na jicho la pili linahesabu.

Hesabu. Maji moto. Mvuke. Kitambaa. Kitu cha kukwaruza. Sabuni. Mafuta. Mikono miwili yenye nguvu.

Kipi hakipo Kibirizi?

Mvuke? Mwaka 2020, corona ilipoingia, watu nchi nzima walijifunika blanketi pamoja na sufuria ya maji moto. Mwarobaini, mchaichai, majani ya mkaratusi, mtu anatoka chini ya blanketi amelowa na macho mekundu. Kutibu corona ni mjadala wa madaktari na siuingilii hapa. Ninachokiona mimi ni kwamba wananchi wa kawaida walijijengea chumba cha mvuke kwa vitu vya jikoni, bila mfadhili, bila semina, bila posho. Umeshasahau kwamba unaweza?

Kukanda? Nyumba gani hapa haijawahi kumkanda mzazi? Bibi anachemsha maji, anachovya taulo, anakamua, anakandamiza kiunoni, mgongoni, mapajani, mzazi anapiga kelele na bibi hasikii. Wauguzi wanaonya maji yasiunguze na kidonda cha upasuaji kisiguswe, na wako sahihi. Lakini itazame ile mikono ya bibi. Inajua misuli ilipofungana. Inajua mahali pa kulegeza na mahali pa kubana. Kule Istanbul mikono ya namna hiyo inalipwa na watalii wa dunia nzima. Kwako imekaa barazani inachambua mchele.

Sabuni na mafuta? Hapa ndipo ninapotaka kupiga meza. Kigoma ni mkoa wa michikichi! Simbo wanakamua mawese. Kokwa zinavunjwa, yanatoka mafuta ya mise, na bibi zako waliyapaka ngozi yao kabla halijaingia kopo lolote la dukani. Akina mama wanapika sabuni za mche kwa mafuta hayo hayo, unazifulia sare za shule bila kuzitazama mara mbili. Watafiti wa kilimo wa TARI Kihinga wanazalisha miche bora ya michikichi, na serikali imelisukuma zao hili kwa nguvu tangu mwaka 2018. Waturuki wana mzeituni, wakatengeneza sabuni yake, wakaijengea nyumba ya marumaru, wakauita utamaduni, na sasa wanakuuzia wewe. Wewe una mchikichi, na sabuni yake umeiacha chini ya karo.

Cha kukwaruza? Dodoki linatambaa kwenye uzio wa jirani yako, linakauka, linaanguka, watoto wanachezea.

Chumvi? Uvinza ipo kwenye reli hiyohiyo, na watu wamechemsha maji yake ya chumvi kwa karne nyingi sana. Chukua chumvi, changanya na mafuta ya mise, umesugua mguu wa mtu ukawa mguu mpya.

Maji? Geuka nyuma. Lile ni ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 600.

Basi ni nini kimekosekana hapa?

Wewe.

Wewe ndiye umekosekana. Vitu vyote vimejipanga, vinasubiri mtu mmoja asimame aseme naanza. Mnasema Kigoma ni mwisho wa reli. Kila siku mwisho wa reli, mwisho wa reli! Kwa anayetoka Kongo na Burundi hapa ndipo reli inapoanzia. Hapo Kibirizi ufukweni ndipo zinapoondokea boti za kwenda Gombe, hifadhi ambayo dunia iliijua tangu Jane Goodall aliposhuka ufukweni mwake Julai 1960. Mtalii anapanda milima siku nzima kutafuta sokwe, anarudi jioni miguu inatetemeka, ana hela mfukoni, na hakuna hata mtu mmoja pale anayemwambia: karibu ukae, nikukande miguu. Anapita, anakwenda kulala. Hela yake imepita mbele ya macho yako, ikakupungia mkono.

Utaendelea kuipungia mpaka lini?

Usinitajie mtaji kabla hujaniambia ulichokwisha kufanya bila mtaji. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Je, kikundi chenu kimeandika andiko? Au kila mwaka mnaandika la kuku? Andikeni la nyumba ya mvuke, muone afisa maendeleo ya jamii atakavyoinua kichwa. Pengine atacheka kama ulivyocheka wewe. Mwacheni amalize.

Na anza kidogo, tafadhali. Usije ukaota kuba la marumaru ukalala nalo usingizini. Chumba kimoja cha tofali chenye mlango unaofunga vizuri na mahali pa kupumulia hewa. Pipa la maji juu ya jiko, na jiko lilishwe maganda ya kokwa za mchikichi, yanawaka vizuri, maana ukianza kukata miti milimani nitakuwa wa kwanza kukufungia. Benchi la saruji lililolainishwa. Madodoki mapya, kila mteja na lake, hakuna kuchangia. Maji ya bomba au yaliyochemshwa. Hapa usicheze, maana mwaka 2015 kipindupindu kilipolipuka Kagunga, mwendo wa boti kaskazini mwetu, tuliona wote maji machafu yanavyoua. Wanawake wahudumiwe na wanawake, wanaume na wanaume, pazia zito, heshima kubwa, mlango wazi kwa mwenyekiti wa mtaa kuja kukagua. Masaji imechafuliwa jina mijini na watu wenye biashara nyingine nyuma ya pazia. Wewe lisafishe. Mchukue bibi mmoja anayejua kukanda, umlipe, uwakalishe vijana wanne mbele yake wajifunze.

Kosea. Maji yatapoa kabla ya mteja wa pili. Povu litakataa. Mteja wa kwanza atasema dodoki linachoma. Rekebisha kesho, fungua tena. Hamamu ya Çemberlitaş nayo ina zaidi ya miaka mia nne ya mafundi waliorekebisha kesho yake.

Najua umebaki na kisingizio kimoja, kile unachokipenda kuliko vyote: "Kibirizi hakuna atakayelipa."

Haya, simama ufukweni alfajiri. Watazame wavuvi wanavyoshuka. Wamelowa mpaka kiunoni, wamevuta nyavu usiku kucha, vidole vimeganda katika umbo la kamba, havikunjuki kushika hata kikombe cha chai. Hao ndio wateja wako wa kwanza! Na mbalamwezi ikiingia hawavui. Wana siku kadhaa mkononi na hela waliyovuna siku za giza mfukoni, na hela hiyo kwa sasa inaijua njia moja tu, ya baa. Wafungulie njia ya pili. Wake zao watakuombea dua.

Koka moto saa kumi usiku. Saa kumi na mbili asubuhi maji yawe tayari. Wanaume asubuhi, akina mama alasiri, wakishaanua dagaa. Bei iandike ubaoni kwa chaki kubwa, moja kwa kuogeshwa, nyingine kwa kuogeshwa na kukandwa, na usione haya kuitaja. Mvuvi wa kwanza umwogeshe bure, yule mwenye sauti kubwa kuliko wote, kisha mwachie aende akawaambie wenzake kijiweni.

Giza la mwezi huu limeshaanza. Mbalamwezi ikitoka, ikukute umefungua.